Kinu cha Enelesi kwenye Banda la Zamani

Watu wa boma, makao ya wilaya yetu, walipokuja kutafuta vitu vya kale kwa ajili ya sherehe ya miaka hamsini ya uhuru, walimkuta mama yangu mkubwa, Enelesi, anatwanga. Hapo ndipo panaponichoma mpaka leo. Hawakukiona kinu kimeegemezwa ukutani kina utando wa buibui. Walikikuta kina mahindi ndani, mchi uko hewani, mwenyewe anatiririka jasho, wakasema hiki ndicho kitu cha kale tulichokuwa tunakitafuta.

Kiongozi wao alikuwa Bwana Kasalika, afisa wa utamaduni pale bomani, kijana mwenye kitambi cha mapema na simu mbili. Alikuja na Chifu Chidothi, mkuu wa kijiji chetu, kwa sababu anajua sisi hatumkatalii chifu mbele za watu. Akaeleza mpango wake. Uwanja wa mpira wa boma utakuwa na mabanda mawili, la kwanza litaitwa Zamani na la pili Sasa. Mgeni wa heshima kutoka mji mkuu ataingia Zamani, aone tulivyoishi chini ya mkoloni, kisha atokee Sasa, aone tulikofika. Alisema hakuna kipimo cha maendeleo kinachoshinda hicho, mtu anajitembelea mwenyewe kutoka huku kwenda kule na macho yake anayo.

Mimi nilikuwepo. Nakaanga mandazi bomani, lakini kwetu ni kijijini Chidothi, penye jina la chifu, na siku hiyo nilikuwa nimemletea mama mkubwa sukari. Nikamuuliza Bwana Kasalika, kwa adabu kidogo niliyokuwa nimebaki nayo, kama ameona kwamba kitu chake cha kale kina chakula cha leo mchana. Akacheka, akasema mama wewe una maneno, kisha akaendelea kukipiga picha kinu kwa simu zote mbili.

Kile kinu kina umri wa uhuru. Kilichongwa mwaka ule ule bendera ya Mwingereza iliposhushwa, kwa gogo la mninga, na mjomba wake Enelesi, kaka wa mama yake. Kwetu kinu hakichongwi kwa kimo cha mama mwenye nyumba. Kinu kinaishi kuliko mtu, kwa hiyo mchongaji humsimamisha binti mdogo wa nyumba kando ya gogo, akamtazama yeye, akamtazama na mama yake, akakadiria kimo atakachokomea, ndipo akate. Enelesi alikuwa kabinti kasikokuwa na meno ya mbele. Alisimama kando ya gogo ameshika pindo la kitenge cha mama yake, mjomba akatia alama ya mkaa usawa wa kifua chake.

Mjomba alimwambia asiogope. Mkoloni amekwenda, na wao wamesikia kwa masikio yao wenyewe uwanjani kwamba kila kijiji kitaletewa mashine ya kusaga. Kinu hiki kitafanya kazi kwa muda tu, kisha kitapumzika, kitabaki cha kutwangia karanga za kuungia majani ya maboga. Mama mkubwa husimulia maneno hayo bila kucheka na bila kulia, jinsi mtu anavyokutajia bei ya chumvi.

Basi kinu hakikupumzika. Aliolewa, na mume akaja kukaa kwetu kama ilivyo desturi, kisha mume akaenda migodini kwa Makaburu na huko akapata nyumba nyingine. Enelesi akalea watoto wake kwa mchi. Aliwatwangia watu mahindi yao, na ujira wake ulikuwa pumba. Ukiwa hujawahi kula sima ya pumba mwezi wa Januari, wakati maghala yote yamebaki na vumbi, usiniambie habari za asilimia za maendeleo. Waliokua walikua, waliokufa walikufa, na binti yake wa mwisho alipozikwa alimwachia mjukuu, Tadala, ambaye mwaka wa sherehe alikuwa darasa la tatu na alikuwa ameanza kuushika mchi kwa siri bibi yake akienda mtoni.

Bibi alipomkuta siku ya kwanza alimpokonya. Mtoto alilia, akidhani amefanya kosa. Mama mkubwa aliniambia baadaye kwamba yeye hana kubwa analolitaka duniani, hataki nyumba ya bati wala redio. Anataka mashine ya Chidothi isage kabla Tadala hajakomaa mabega. Basi.

Kwa maana mashine tunayo. Usidhani hatuna. Ililetwa zama za vyama vingi, kwa ngoma na kwa utepe mwekundu, ikajengewa kibanda cha matofali chenye mlango wa chuma. Ilisaga vizuri mpaka siku injini ilipokohoa. Wakaja watu wa boma na gari, wakaipakia injini wakasema inakwenda kutibiwa, na mgonjwa hajarudi. Kibanda kilibaki. Mbuzi wa chifu hulala humo mvua ikinyesha. Na kila wakati mkubwa fulani anapotangazwa kupita barabara ya upande wetu, hutangulia mtu na ndoo ya rangi, akapaka kibanda upya na kuandika tena juu ya mlango neno MASHINE. Nimeona rangi ya buluu, nimeona ya kijani, nimeona na ya chungwa. Ukuta ule sasa umenenepa kwa rangi.

Nyumba nzuri kwa mbuzi. Lakini anayepita na gari huona mlango wa chuma na maandishi, akajiandikia kwamba Chidothi wana mashine, akaenda zake. Hivyo ndivyo nchi inavyopimwa, kwa milango. Mimi nina kipimo changu, sikukisomea popote. Tia mkono kwenye kinu cha Enelesi. Mama yake alipokuwa hai, mkono wa mtu mzima ulizama mpaka kiwiko ukagusa chini. Siku hizi unazama mpaka kwapani, na ukigonga kitako kwa kidole unasikia mbao nyembamba ikikujibu.

Siku ile ya Bwana Kasalika, mama mkubwa alisikiliza mpaka mwisho, akafuta uso kwa kitenge. Chifu alikuwa ameshasema ndiyo kwa niaba yake. Mama mkubwa akasema yeye hana neno, atakitoa kinu na atakuja kukitwanga mwenyewe mbele ya mgeni, maana alikuwa amesikia kwamba wasichana wa kikundi cha maigizo waliojaribu walikuwa wanaushika mchi kama fagio. Lakini ana sharti moja.

"Mwambieni huyo mgeni kwamba injini ya Chidothi mlikwenda nayo," alisema. "Mwambieni tu. Asipoirudisha, shauri yake, lakini awe ameambiwa."

"Hilo dogo sana, bibi," Bwana Kasalika alisema. "Nitamwambia mimi mwenyewe."

"Chifu umesikia?"

"Nimesikia," alisema chifu, akitazama viatu vyake.

Wakampa fulana yenye namba hamsini kifuani, wakakipakia kinu kwenye gari. Mama mkubwa hakuivaa fulana. Aliikunja akaiweka, na jioni akaenda kuazima kinu cha jirani kilichopasuka mdomo.

Ilipofika siku yenyewe, Julai sita, baridi ilikuwa ya kung'ata na upepo unapeperusha turubai. Nilifunga biashara nikaenda uwanjani. Banda la Sasa lilikuwa limepambwa hasa. Kulikuwa na jiko la gesi, kompyuta, kitanda cha hospitali chenye shuka jeupe, na mashine ya kusaga ya umeme iliyoazimwa kwa mfanyabiashara mmoja, imefungwa kwa jenereta iliyofichwa nyuma ya maua. Banda la Zamani lilikuwa la nyasi. Ndani kulikuwa na chungu cha maji, kibatari, mkeka, jembe lililoisha makali, na kinu cha Enelesi. Nilivitazama vitu vile kimoja kimoja nikashikwa na hasira mpaka nikakosa mate. Chungu kilikuwa cha Mama Nasoni, jirani yetu. Kibatari nakijua kwa kikopo chake, kilikuwa cha mlinzi wa shule. Walizunguka vijijini wakakusanya maisha yetu ya wiki ile, wakayaita ya kabla ya uhuru.

Walimletea mama mkubwa ngozi ya mbuzi avae. Akawauliza ni ya nini. Wakamwambia watu wa zamani walivaa ngozi. Akasema mama yake alivaa kitenge, na bibi yake alivaa kaniki, na kama wanahitaji mtu wa kuvaa ngozi wamtafute mbuzi. Bwana Kasalika akaona muda unakwenda, akaachana naye. Alimwomba tu avue kandambili, maana plastiki ingeharibu picha. Akavua, akasimama pekupeku kwenye nyasi zenye umande.

Mgeni wa heshima alihutubia kwanza. Sina la kusema juu ya suti yake. Alisema kabla ya uhuru boma hili halikuwa na hiki wala kile, na sasa lina vyote. Alisoma shule, akasoma zahanati, akasoma visima. Kisha akasoma mashine za kusaga, kijiji kwa kijiji, na spika zikaleta jina letu wazi kabisa mpaka ndani ya banda la nyasi. Chidothi, mashine moja. Watu wakapiga makofi. Wa Chidothi wengine nao wakapiga, nami nikamkanyaga mmoja aliyekuwa karibu yangu.

Nilimtazama Bwana Kasalika. Alikuwa amesimama nyuma ya mgeni, mikono mbele, anatikisa kichwa kuitikia kila namba. Nikajua hakumwambia. Nikajua pia kwamba hakuwahi hata kuwaza kumwambia. Ile ahadi aliyompa mwanamke mzima mbele ya chifu wake ilikuwa ya kumaliza mazungumzo tu. Nilimtukana kimoyomoyo kwa matusi ambayo mama yangu asingeyapenda.

Lakini kijana yule alikuwa amefanya kosa, na hakulijua kwa sababu alilelewa mjini na unga wa kununua. Kwetu, mwanamke akiwa kinuni anaimba. Na anachokiimba kinuni hakina kesi. Humo ndimo wake huwaimbia waume ulevi wao, mabinti huwaimbia mama wakwe uchoyo wao, na machifu huimbiwa wizi. Ukiimbiwa wewe, unakaa kimya, unangoja unga uwe tayari, unakula. Maneno hayo hayo ukiyasema barazani utatozwa kuku. Kwa hiyo Bwana Kasalika, kwa gari la serikali na mafuta ya serikali, alikuwa amemchukulia Enelesi pahali pake pa kusemea akampelekea mpaka mbele ya pua ya mkubwa.

Mgeni akaingia Zamani na msafara wake. Bwana Kasalika akaanza kueleza kwa sauti ya redio, kwamba hapa tunaona jinsi akina mama walivyoteseka enzi hizo. Mama mkubwa akamwaga mahindi, akanyunyiza maji, akashika mchi. Alitwanga kimya kidogo, mpaka mdundo ukakaa sawa. Halafu akaanza, kwa sauti yake ile kavu.

"Mashine ya kwetu ina mlango, ina rangi, ina jina. Tumbo lake mlilipeleka wapi? Mjomba alisema kinu kitapumzika. Mjomba amepumzika yeye. Nami natwanga."

Mgeni akatabasamu, akapiga makofi kwa vidole. Alidhani ni wimbo wa kale. Nyuma ya kamba wanawake wa Chidothi hawakudhani hivyo. Mama Nasoni alikuwa wa kwanza kuruka kamba. Akachukua mchi wa akiba uliowekwa pale kwa mapambo, akaingia kwenye mdundo, mmoja akipanda mwingine anashuka, na wote waliobaki nje wakaitikia natwanga, natwanga, kwa sauti iliyofunika ile jenereta.

"Mgeni umevaa viatu vizuri, njia ya kwetu hujaikanyaga. Mbuzi wa chifu wanalala mashineni, hao ndio waliopata uhuru. Aliyeahidi kukwambia yuko nyuma yako. Mgeuzie uso umwone. Nami natwanga."

Mgeni aligeuka kweli. Bwana Kasalika alikuwa ameiva uso. Akamwendea Chifu Chidothi, akamnong'oneza kwa nguvu, nami nilikuwa karibu nikasikia kila neno.

"Chifu, mnyamazishe huyo bibi."

"Yuko kinuni," alisema chifu.

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo haulizwi. Nimeimbiwa na mimi mbuzi wangu, umenisikia nikisema?" Chifu wetu ni mpole, hata kuku humpita bila salamu, lakini siku ile alinyoosha shingo. "Kinu umekileta wewe, Bwana. Mimi ningeleta mkeka tu."

Nilidhani tumeshinda. Nasema kweli, nilisimama pale na mikono kiunoni nikiamini kwamba sasa yule bwana mkubwa atauliza, hiyo Chidothi ni ipi, na hiyo injini iko wapi. Alikuwa amefungua mdomo. Nafikiri hata yeye mwenyewe hakujua atasema nini.

Hapo kinu kikatoboka. Mchi wa mama mkubwa ulishuka na haukurudi na sauti yake. Kulisikika mlio wa mbao inayokata tamaa, kisha mchi ukasimama umezama ardhini, na mahindi yakamwagika chini ya kitako pande zote. Mdundo ukakatika, na wimbo nao. Enelesi aliinama, akatia mkono ndani ya kinu cha mama yake, akagusa udongo wa uwanja wa mpira.

Mgeni wa heshima alifunga mdomo, akaufungua tena. Akageukia kamera.

"Mnaona ndugu zangu," alisema. "Hata kinu chenyewe kinatuambia kwamba zama zake zimekwisha."

Walipiga makofi wale wa msafara. Walicheka kwa raha ya watu waliopata njia ya kutokea. Mmoja akamshika bibi bega akamwambia ameigiza vizuri sana, kisha msafara wote ukaingia banda la Sasa, na mashine ya umeme ikawashwa, ikasaga debe la mahindi kabla mgeni hajamaliza kikombe chake cha togwa. Kusema kweli ilisaga unga mweupe mzuri. Tadala, aliyekuja na wenzake wa shule kuimba wimbo wa taifa, alisimama mbele yake mdomo wazi mpaka alipofukuzwa.

Tulipomaliza kuokota mahindi, Bwana Kasalika alikuja kusema kinu tukiache, kitafaa makumbusho, kwa kuwa sasa ndiyo kimekuwa cha kale kabisa. Nilimwambia aondoke mbele yangu kabla sijamfanya na yeye cha kale. Mama mkubwa aliitoa ile fulana yenye namba hamsini kwenye mfuko, akaikunja ikawa kata, akaiweka kichwani, tukamtwisha kinu chake kilichotoboka, na njia yote mpaka Chidothi tuliuona mwanga wa mbele kupitia kitako.

Kesho yake alfajiri alikwenda kwa Lameki. Lameki ndiye mchongaji aliyebaki kwetu, mzee wa maneno machache, na alikuwa na gogo la mninga alilokuwa amelikausha chini ya dari. Alilivingirisha nje, akaligonga, akaridhika. Watu wengine walikuwa wamekuja kutazama, kwa sababu habari ya uwanjani ilikuwa imefika kabla yetu. Lameki akachukua kipande cha mkaa, akaangaza macho, akamwita Tadala aje asimame.

Mtoto alifurahi kuitwa. Alisogea kando ya gogo akajinyoosha, ameweka visigino pamoja kama wafanyavyo shuleni.

"Toka hapo," alisema bibi yake.

Lameki akamwambia Enelesi asiwe mtoto. Mti kama huu haupatikani tena, na kinu hiki kitaishi kuliko wao wote wawili. Akikichonga kwa kimo cha mtu mfupi mzee kama yeye, ambaye mgongo umeshaanza kupinda, huyu binti akikua hatakiweza, kitamvunja kiuno. Nani anachonga kinu cha mtu mmoja? Ni kuharibu mti.

Enelesi alimshika Tadala mkono akamwondoa, akaja kusimama yeye kando ya gogo. Alikuwa bado na vumbi la uwanjani miguuni.

"Huyu humpimi," alisema. "Walimpima mtoto mwaka ule, wakaniambia kwa muda tu. Nipime mimi, Lameki. Mgongo huu huu ulivyopinda. Huyu akija kukishika, kimkatae."

Lameki akapiga goti, akatia alama ya mkaa chini sana.